Mama Lydiah na Mashairi Yasiyo na Vina

Ndugu waombolezaji, nitasema jambo, na asiyeliamini anyooshe mkono sasa hivi tumalizane kabla gari halijaondoka kwenda Kimilili: mama huyu aliyelala hapa mbele yetu, mliyemjua kwa cherehani na sauti ya kwaya, alisoma mashairi ya kisasa mengi kuliko mwalimu yeyote wa Makongeni, na anayewaambia ni mimi Tobias, kitinda mimba wake, niliyeacha shule kidato cha pili na bado nina sauti kubwa kuliko wote waliobaki shuleni.

Marehemu Rispa Kezia Wasike alizaliwa Kimilili tarehe 11 Machi 1934, akasoma shule ya misheni hadi darasa la sita, ambalo siku hizo, msicheke, lilikuwa darasa kweli kweli, na tarehe 4 Agosti 1956 akafunga ndoa na marehemu Phares Wasike, fundi wa reli, aliyemleta hapa Makongeni, katika nyumba hizi za reli. Hapa alishona sare za shule, na Mungu akawajalia Lydiah, aliye mwalimu, na mimi, ambaye ni mimi.

Tarehe 19 Juni 1977 moyo wa Baba ulisimama akiwa kazini. Watu walimletea Mama maneno mazuri, kwamba ni mipango ya Mungu, kwamba atazoea, naye akayapokea kwa adabu, akayaweka kando kama sufuria za kurudishiwa wenyewe, kwaya akaiacha, cherehani akaifunika. Ndipo Lydiah alipokuja kutoka chuo cha ualimu na kitabu cha mashairi mapya, akakiacha mezani, Mama akakifungua akitafuta vina, asivipate, akakuta katika shairi moja mwanamke anayepika chakula cha watu wawili kwa mazoea, kisha anakaa akiangalia sufuria. Alisoma amesimama. "Huyu ameingia nyumbani kwangu bila hodi," alimwambia Lydiah, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi akalia.

Mimi nilimtania sana, nikasema washairi wake ni wavivu, hata mstari hawawezi kuumaliza, akanijibu bila kuinua macho, "Na wewe, shule uliimaliza?"

Alhamisi moja mwaka 1979 kina mama wa kanisa walikutana kwetu, wakamwomba asome neno, naye akasoma shairi, wote wakaitikia amina, na Mama Nzembi, aliye mjane pia, akauliza, "Hiyo ni Zaburi ya ngapi, Mama Lydiah?" Akakiri kwamba si Zaburi, ni ya mtu wa siku hizi, bado yuko hai. Mwenyekiti akakohoa, wengine wakaangalia vikombe vyao. Mama Nzembi akasema, "Basi naye amefiwa. Isome tena, polepole." Tangu hapo, kila Alhamisi, baada ya Biblia lilifuata shairi moja, na Mama akarudi kwenye kwaya.

Mwaka 1982 aligunduliwa kuwa na kisukari, mwaka uliofuata kikamchukulia macho, na hilo ndilo lililomtisha, si kifo, bali kubaki gizani na kitabu asichoweza kukisoma, kwa hiyo tukamsomea kwa zamu, Lydiah na mimi, hadi alipofariki hospitalini tarehe 2 Novemba 1984, saa kumi alasiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotupikia, wafanyakazi wenzake Baba waliotupatia gari, na kina mama wa Alhamisi.

Kuna kitu nimekiruka. Siku ile aliyofariki zamu ilikuwa yangu, na kitabu nilikisahau nyumbani, Mama akaomba shairi, nami nisiyeogopa mtu nikaogopa kumwambia sina, nikafunuafunua gazeti la mgonjwa wa kitanda cha jirani ili asikie karatasi, nikaanza kutunga, juu ya mashuka yaliyoanikwa nje ya wodi, juu ya Baba akirudi na grisi mikononi, akiulizia chai. Mama akanigeuzia uso, akasema, "Hilo silijui. Endelea." Nikaendelea, hadi muuguzi aliponishika bega, na mpaka leo sijui ni wapi aliacha kunisikiliza.

Lala kwa amani, Mama.