Hakubadilisha Sarafu: Maisha ya Mpimaji wa Makumbusho

Kabla ya yote, jambo moja liwekwe sawa: marehemu hakubadilisha sarafu za watu. Waliolisema hilo sokoni wamo humu leo, na wamekaribishwa kwa heshima.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, kitindamimba wa fundi saa na mkunga. Alisoma shule ya mtaani kwao, kisha chuo cha ufundi, alikohitimu kemia ya madini mwaka 1973. Mwaka uliofuata aliajiriwa na jumba la makumbusho, katika chumba cha chini chenye dirisha moja, akakaa humo miaka thelathini na saba. Wenzake walimwita Mizani.

Alifunga ndoa tarehe 6 Agosti 1977. Wiki ya pili aliipeleka pete ya mkewe kazini, akaipima, akarudi amenywea.

"Mke wangu, sonara kaniingiza mjini. Hii ni shaba iliyopakwa dhahabu."

"Basi nirudishie shaba yangu, kidole kimeshaizoea."

Anaivaa hadi leo.

Mwaka 2009 mkulima mmoja, akichimba msingi wa zizi, alifukua chungu chenye sarafu mia nne na kumi na mbili, zilizofukiwa yapata miaka mia saba iliyopita. Mji mzima ukashangilia fedha. Marehemu akaandika kwamba sitini na tatu kati yake ni za bandia: shaba iliyovikwa ganda la fedha na walaghai wa enzi hizo hizo. Mkubwa wake akamsihi, "Mzee, hili si ulimezee tu?" Akajibu, "Nikilimezea hili, kesho nitamezea lipi?" Ndipo maneno yakaanza: eti za kweli kazila yeye, akatuwekea shaba.

Lakini marehemu hakuwahi kuosha sarafu kabla ya kuipiga picha na udongo wake, mwenye shamba akiwa amesimama pembeni. Katika picha hizo, kila sarafu ya bandia ina mkato wa patasi, alioutia mfanyabiashara wa kale aliyeishuku, na ndani ya mkato kuna kutu ya kijani iliyogandamana na udongo. Kutu ya namna hiyo haioti kwa wiki moja. Mwenye shamba huyo ni miongoni mwa waliobeba jeneza leo.

Aliugua figo tangu 2019. Alifariki tarehe 9 Juni 2023, saa nne asubuhi, mkewe akiwa kamshika mkono. Ameacha mjane, mabinti wawili, mkwe mmoja na wajukuu watatu, ambao urithi wao ni jina lake.

Alale salama, na jina hilo likae safi. Mwenye shaka aende makumbusho, kabati la tatu, Jumatatu hadi Ijumaa. Mjane wake hatajibu swali lolote.