Mwalimu Kucha na Fulana Aliyovuliwa

Baba yetu mpendwa, ambaye mji mzima ulimwita Mwalimu Kucha, alizaliwa tarehe 4 Machi 1957 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli. Alikuwa mtoto wa tatu wa fundi cherehani, na alijua mapema kwamba pini iliyosahaulika kwenye mshono humchoma asiye na kosa.

Alimaliza sekondari mwaka 1975 na chuo cha ualimu mwaka 1978, akafundisha michezo katika shule ya sekondari hadi alipostaafu mwaka 2017.

Mwaka 1984 alipata leseni ya uamuzi wa mpira wa kikapu wa shule. Kabla ya kila mchezo aliwapanga wachezaji mstarini: hereni nje, cheni nje, fulana ndani ya bukta. Kisha kila mmoja alijikwaruza shavu kwa kucha zake mwenyewe.

"Ukiumia wewe, na mwenzio ataumia," alisema. "Nenda kakate."

Mwaka 1986 alimtoa mstarini nahodha wa timu ya walimu wa kike.

"Haya, nitakata," nahodha akajibu. "Na wewe chomekea, bwana. Fulana inaning'inia."

Marehemu akachomekea. Walifunga ndoa tarehe 13 Desemba mwaka huo, wakajaliwa watoto watatu.

Tarehe 20 Agosti 2011 ilichezwa fainali ya shule za wasichana. Mfungaji bora alikuja na kidole kilichovunjika, kimefungwa banzi la chuma lisilo hata na sponji. Marehemu akamkataza kucheza. Mwenyekiti wa kamati ya michezo akashuka jukwaani.

"Mzee, watu wamekuja kuona mpira, hawakuja kuona kucha."

"Kile ni chuma, mheshimiwa."

"Basi nenda kakae. Filimbi mpe msaidizi wako."

Akakaa. Katika robo ya tatu, banzi lile lilipasua jicho la kushoto la msichana wa timu pinzani. Kamati ikaketi, ikanywa chai, ikaamua kwamba mwamuzi mkuu aliondoka uwanjani kabla ya kukamilisha ukaguzi. Akanyang'anywa leseni na fulana. Aliyesema "chuma" ndiye aliyebebeshwa damu. Alikata rufaa mara mbili, hakujibiwa. Mwenyekiti alipandishwa cheo.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021. Hata wodini hakuacha kazi yake. "Dada, vua hiyo pete, utamkwaruza mgonjwa," alimwambia muuguzi. Muuguzi akacheka, akavua. Marehemu akamgeukia Mama: "Umeona? Amenisikia huyu."

Aliaga dunia Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, saa nne asubuhi.

Jana kamati ilileta fulana mpya ya uamuzi, ikaomba itandikwe juu ya jeneza. Mama hakuwafungulia geti.

"Walimvua akiwa hai," alisema. "Wasimvishe akiwa maiti."

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano na dada mmoja. Ameacha pia yule msichana wa jicho, leo mama wa watu, ambaye hakuwahi kumlaumu hata siku moja. Kiti cha mbele kilichotengwa kwa ajili ya mwenyekiti, amekikalia yeye.

Pumzika kwa amani, Baba. Ukaguzi ulikuwa umekamilika.