Kofia ya Kocha Hulda

Mmekuja leo kumsindikiza mke wangu, Hulda Rasmussen Pruett, na familia imeniachia mimi, Ambrose, niliyeishi naye miaka ishirini na saba, niwasomee maisha yake, ingawa kuna siku moja katika maisha hayo ambayo siielewi mpaka sasa.

Hulda alizaliwa tarehe 3 Machi 1889 katika shamba la mahindi karibu na Kearney, Nebraska, mtoto wa pili wa Jens na Maren Rasmussen, akasoma shule ya chumba kimoja, akahitimu ualimu mwaka 1910, na mwaka 1912 akaajiriwa hapa Chuo cha Harlow kuwafundisha wasichana mpira wa kikapu. Mimi nilikuwa nikifundisha kemia chuoni hapa, tukafunga ndoa tarehe 20 Juni 1914, tukajaliwa watoto wawili, Signe na Ansel.

Mwaka 1917 kocha wa futiboli yetu ya Kimarekani, ya kukimbia na mpira mikononi, alikwenda vitani, bodi ya chuo ikamkabidhi Hulda timu ya wavulana mpaka apatikane mwanamume, na wavulana walicheka siku ya kwanza tu, kwa kuwa siku ya pili aliwakimbiza mpaka wakatapika, kisha akawauliza, "Haya, wanangu, nani bado ana nguvu za kucheka?"

Kanuni za wakati ule zilimkataza kocha kumwelekeza mchezaji mchezo ukishaanza, kwa neno au kwa ishara, kwa hiyo Sikukuu ya Shukrani, tarehe 29 Novemba, tulipocheza na Chuo cha Weldon, Hulda aliketi nami jukwaani, amevaa kofia yake ya kahawia yenye unyoya mrefu. Dakika za mwisho tulikuwa nyuma, kila mtu akitarajia vijana wetu waupige mpira mbali kwa mguu, na hapo Hulda akaivua kofia, katika baridi ile, akaiweka magotini, nao vijana wakaukumbatia mpira, wakakimbia nao mpaka mwisho wa uwanja, tukashinda.

Weldon walilalamika kwamba kofia ilikuwa ishara, bodi ikamwita, naye akajibu kuwa alivua kofia, basi, wakamnyang'anya timu ya wavulana, wakamwachia wasichana, aliowafundisha mpaka mwaka 1938. Mimi nilikumbuka mtu nyuma yetu akisema, "Mama, toa hiyo kofia, wengine hatuoni!", kama wanawake wanavyoambiwa jukwaani kila mara, lakini kila nilipomtajia Hulda sauti hiyo, alinitazama tu, akasema, "Ulikuwepo, Ambrose, wewe uliona nini?", na kadiri alivyoniuliza ndivyo sauti ile ilivyofifia, na leo siwezi kuapa kwamba niliisikia.

Mkuu wa chuo ameniomba niuondoe utata huu, ili jina la Hulda litajwe bila doa, kwa hiyo jana, jikoni kwangu, niliwauliza waliocheza siku ile. Orville Teague, aliyekuwa nahodha, alisema ilikuwa ishara, walikubaliana na kocha tangu Jumatatu.

"Acha uongo, Orville," akasema Lyman Kratochvil, "jicho lako lilikuwa limevimba kama andazi, uliona kofia gani?"

"Kofia ya kocha ningeiona hata nikiwa kipofu, bonge wewe."

"Tulikimbia kwa sababu mpigaji wetu aliumia mguu, na ni wewe uliyemkanyaga!"

Wakacheka, kisha wakalia.

Mwezi Februari mwaka huu moyo ulianza kumsumbua Hulda, akafariki nyumbani alasiri ya Alhamisi, tarehe 9 Oktoba 1941. Tunamshukuru Daktari Voss, majirani waliotulisha wiki nzima, walimu wenzangu walionishikia madarasa, na wasichana wake wa mpira wa kikapu waliopokezana kukaa naye.

Asubuhi hii, kabla jeneza halijafungwa, dada yake, Petra, alikuwa amemvika kofia ile, wachezaji wake wa zamani wamesimama kando ya ukuta, Orville na Lyman wakibishana chinichini. Niliitoa kofia kichwani mwake, nikaiweka mikononi mwake, na wachezaji wale wote wakasogea mbele kwa pamoja, kama timu, kisha wakasimama, wakatazamana.

Pumzika, Hulda, kwa amani, nilikuwepo tena, na bado sijui nilichokiona.