Tufaha la Vilja

Mei imeingia na vumbi lake la njano. Limetanda juu ya magari, juu ya maji ya ziwa, hata juu ya benchi lililo mbele ya hema la kahawa pale sokoni, ambapo Ensio na wenzake wawili huketi kila asubuhi kubishana. Ila leo Ensio hana hamu ya ubishi. Jana mjukuu wake Vilja, mtoto wa miaka tisa, alivimba midomo mezani kwake, koo likambana, akakimbizwa hospitali na kulazwa. Tangu hapo binti yake, Marjut, hapokei simu.

— Kwani alikula nini? aliuliza Rauno, wanayemwita Daktari kwa kuwa zamani aliendesha gari la wagonjwa.

— Tufaha tu. Bichi, la dukani.

— Basi ni hizo dawa wanazonyunyizia.

— Dawa wapi! alidakia Pentti, jina la kijiweni Redio, maana hana wa kumzima. Ni mti wa mbetula! Bango la zahanati limesema. Chavua yake, hili vumbi la njano, ikishamkera mtu, mwili wake unachanganyikiwa. Ukikutana na tufaha unadhani ni mbetula, unalianzishia vita. Hata karoti mbichi!

— Toka hapa! Tufaha na mbetula wapi na wapi? Daktari alipinga.

— Ensio, mtoto alikuwa anapiga chafya? aliuliza Redio.

— Wiki nzima.

Ensio aliinuka benchini. Uani kwake umesimama mbetula mkubwa, gome jeupe pe, aliupanda mwenyewe mwaka aliozaliwa Marjut. Ndio unaomwaga lile vumbi dirishani.

— Naukata. Leo leo.

— Mti wa binti yako? Una wazimu wewe! Daktari aling'aka. Na wa jirani je? Na wa kanisani? Utafyeka hadi mpaka wa Urusi? Mtoto anazoeshwa, bwana. Funga matawi ya mbetula, mwingize sauna, kwenye mvuke wa moto, mchape nayo mgongoni mpaka mwili uyazoee. Si ndivyo tulivyokua?

— Na anywe maji ya shina la mbetula, glasi kila asubuhi, Redio aliongeza. Akishindwa, ahamie kaskazini kabisa, kusikoota hata mti mmoja!

— Nyamazeni! Ensio alifoka. Mtoto angekufa mikononi mwangu, nyie mnaleta mchezo!

Mama mmoja aliyekuwa akingoja kahawa aligeuka.

— Samahani, wazee. Mimi ni mpishi wa shule. Watoto wanaokerwa na chavua ninao kumi na mmoja. Huyu aliyetaja mbetula hakosei, ila mti uacheni, na mambo ya kumchapa mtoto yaacheni. Tufaha nawapikia, na likiiva wengi wao haliwadhuru. Daktari wa kweli atawaambia zaidi.

Ensio alishusha pumzi.

— Lakini wangu huniambia mapema, mama aliendelea. Mdomo ukianza tu kuwawasha, wanaliweka tufaha chini. Wako hakusema kitu?

Daktari alikoroga kahawa isiyo na sukari.

— Alisema, Ensio alijibu. Nikamwambia asideke. Kwangu chakula hakibakizwi.

— Akaliweka chini?

— Aliniogopa. Akalimaliza.