Mvua Iliyozima Moto wa Ng'ombe

Asifiwe Bwana aliyetukutanisha tukiwa hai. Mimi ni Nyiramana, binti wa Sebagabo na Nyirarukundo, niliyezaliwa Mutura, juu ya mji huu wa Gisenyi, katika nyumba ya wafugaji. Miaka yangu mingi niliimaliza uhamishoni Karagwe. Sikupelekwa shule, kwa hiyo maneno haya ninayasema mimi, na mjukuu wangu Imakulata anayaandika ili awasomee kanisani. Nimemkataza kuongeza lolote.

Ndugu zangu, mnajua hali tuliyoikuta tuliporudi. Nyumbani mwangu nilikaa na Donatila, mjane wa mwanangu, pamoja na watoto wake, Imakulata akiwa mmoja wao. Vita vilipoingia milimani, makaa hayakushuka tena mjini, na wanawake wakalazimika kupanda wenyewe kutafuta kuni. Donatila alikuwa akienda na jirani yetu Veneranda. Siku moja walisikia risasi, wakakimbia kila mmoja upande wake. Donatila alirudi akiwa na kamba yake tupu mkononi. Veneranda hajarudi hadi leo.

Tangu siku hiyo ombi langu kwa Mungu lilikuwa moja: Donatila asipande tena. Lakini maharage hayaivi bila moto, na kuni zilipokwisha alipanda.

Ndipo shemasi wetu Zakariya, aliyejifunza uashi Tanzania, akaniambia kwamba samadi ya ng'ombe hutoa gesi inayowaka, na kwamba angeweza kunijengea shimo la kuikusanya. Nilimuuza ndama wangu dume ili tupate saruji na mabomba. Zakariya akajenga shimo, akalifunika, akapitisha bomba hadi jikoni. Akatuagiza tulilishe samadi na maji, kisha akaenda kwenye kazi nyingine.

Tulilisha, tukangoja. Tulifungua bomba, tukawasha kiberiti, na kiberiti kikazimika.

Gasana, mdogo wa marehemu mume wangu, anakaa Goma na huvuka mpaka kuja kututazama. Alisimama juu ya lile shimo akacheka, akasema kwa Kiswahili chake cha Goma kinachochanganya Kifaransa:

"Shemeji, ile ndama ulipanda humu, itaota lini?"

"Itakapoota, wewe hutakula," nilimjibu.

"Bon, mi nitakula kwangu. Kule tunapikia makaa, hatupikii mavi."

Hata hivyo, neno lililoniuma si hilo. Nyumba za wafugaji huwasha kila jioni moto wa samadi kavu mbele ya zizi, ng'ombe wapate moshi na nzi waondoke. Wazee wetu walitufundisha kwamba moto huo ukizimika, nyumba imekwisha. Gasana alisema shimo langu linaula moto wa ng'ombe, na kwamba nitakuja kuzika watu.

Kisha masika yakaanza. Kila asubuhi tulikuwa na desturi ya kuanika samadi juani: iliyo nzuri tuliiweka kwa ajili ya moto wa jioni, na iliyobaki, kavu pamoja na majivu, tuliipeleka shimoni. Tuliona ni sawa, kwa maana tangu utoto wetu samadi inayowaka ni ile iliyokauka. Sasa jua halikuonekana. Hatukuwa na kitu cha kuanika, na moto wa ng'ombe ukazimika kwa mara ya kwanza tangu tuliporudi. Zizi likajaa tope. Nikaagiza samadi yote isukumwe shimoni ikiwa mbichi, mikojo na yote, tupate mahali pa ng'ombe kusimama.

Mvua iliendelea hadi kuni za ndani zikaisha. Ilipopungua, nilimkuta Donatila mlangoni, amejifunga kitenge, ameshika panga na kamba.

"Keti," nilimwambia.

"Mama, watoto watakula nini?"

"Watakula viazi vibichi. Keti."

Alikaa, akilia. Nami niliingia jikoni niombe, kwa sababu sikutaka anione. Ndugu zangu, nilisikia harufu pale penye bomba. Nikamwita alete kiberiti. Moto ukatoka, wa buluu, usio na moshi, ukasimama imara.

Zakariya alipokuja alitueleza kwamba shimo linataka samadi mbichi, isiyo na majivu. Hakutuambia mwanzo kwa sababu alidhani tunajua. Bwana alitufunza kwa mvua ile ile niliyoinung'unikia.

Gasana alikuja, akautazama moto huo. "Donc moto ya ng'ombe haikukufa," akasema. "Imehamia jikoni tu. Shemeji, leta chai." Nilimpa. Sasa anataka Zakariya avuke kwenda kumjengea.

Namshukuru Mungu: Donatila hajapanda mlimani tena. Nanyi mlio na ng'ombe na mnaosita, njoni jikoni mwangu muone, kisha mmtumaini Yeye, hata anapoleta mvua msiyoitaka.

Imakulata, haya ni yako peke yako. Usiruhusu majivu yaingie shimoni. Watoto wa Veneranda wakija na sufuria yao, wapishe wapike kwanza, usiwaulize kitu. Na ile kamba ya kuni ya mama yako iliyotundikwa ukutani, itunze isioze. Ng'ombe wetu ana mimba. Akizaa, ndama mfungie kamba hiyo.