Shukrani za Mama kwa Watu wa Ghorofani

Mama yetu alizaliwa tarehe 3 Februari 1952, mtoto wa tano na wa mwisho wa fundi mwashi na mkewe mkunga. Alizaliwa mdogo hata mama yake, aliyekuwa amezalisha nusu ya mtaa, akasita kumweka kwenye mizani. Ndugu zake walimwita Kibiriti, kwa udogo wake na kwa hasira zake, na jina hilo lilimfuata mpaka uzeeni.

Kabla sijaendelea, ndugu waombolezaji, niseme jambo. Huu si wasifu wa kwanza. Wa kwanza niliuandika Ijumaa asubuhi, ukurasa mmoja safi, nikamtumia mdogo wangu ambaye ni muuguzi aupitie kabla haujaenda kuchapwa. Akanipigia simu. "Kaka, huyu uliyemwandika hapa ni nani? Mbona mimi simfahamu?" Nikamwambia ni Mama. Akasema, "Mama alikuwa na kanisa lake. Huyu wako hana." Nilipandisha hasira, nikamwambia yeye abaki na sindano zake, kuandika aniachie mimi mwalimu. Kisha nilikaa na karatasi ile, nikaisoma tena, nikaona aibu. Kwa hiyo mnasomewa huu wa pili, na ndani yake yamo mambo ambayo wengi wenu hamjawahi kuyasikia kutoka kinywani mwangu.

Mama alianza shule Januari 1961. Alikuwa hodari wa hesabu, na mwandiko wake ulikuwa wa kuonyeshwa wageni. Alifika kidato cha pili katika shule ya bweni ya wasichana. Wasifu wa kwanza ulisema kwamba mwaka 1970 alikatisha masomo kwa sababu za kifamilia. Sababu za kifamilia ni mimi. Alifukuzwa shule akiwa na mimba ya miezi mitano, na baba yake, mtu wa haki lakini mkali, akamwambia abebe sanduku lake aende kwa aliyempa. Aliyempa alikuwa amekwisha kuhama bila kuaga. Nilizaliwa tarehe 11 Januari 1971 katika chumba cha kupanga chenye dirisha moja, na Mama alikuwa bado hajatimiza miaka kumi na tisa.

Mtaa wa pili kutoka chumba kile palikuwa na duka la kutengeneza baiskeli, na juu yake ukumbi wa sakafu ya mbao. Ulipandwa kwa ngazi za chuma za nje, ngazi kumi na tisa, na waumini wapatao arobaini walikutana humo kila Jumapili. Mwenye duka, tuliyemwita Fundi Baiskeli, ndiye aliyekuwa mzee wa kanisa. Mama alipanda ngazi zile Jumapili moja ya Mei 1971, mvua ikinyesha, mimi nikiwa kifuani. Hakuwa akimtafuta Mungu. "Nilikuwa natafuta paa," alizoea kusema, na hakuona haya kulisema hilo hata mbele ya wachungaji. Walimpisha akae, wakampa chai. Ibada ilipokwisha akasimama, kwa adabu aliyofundishwa shuleni, akawashukuru kwa chai na kwa kumkaribisha.

Kule ghorofani walikuwa na utaratibu wao. Mtu akishukuru mbele ya watu hapigiwi makofi, wala haitikiwi amina. Watu wote wananyamaza, kisha mzee wa kanisa anamuuliza, "Na sasa unahitaji nini?" Waliamini kwamba anayeshukuru mara nyingi ana jambo jingine analoona haya kulisema. Fundi Baiskeli akamuuliza Mama. Mama akajibu kwamba hana shida yoyote. Wakaendelea kunyamaza. Mama akatazama sakafu, akasema, "Nimepata kazi hospitalini, naanza kesho. Sina pa kumwacha mtoto."

Hakuna aliyemhubiria. Mshonaji mmoja, aliyeitwa Mama Vifungo kwa sababu alitembea na vifungo vya akiba kwenye uzi shingoni, akasema, "Jumatatu amlete kwangu." Fundi Baiskeli akadaka Jumanne. Kabla vikombe havijakusanywa wiki ilikuwa imejaa, na zamu ile iliendelea kwa miaka tisa. Ndiyo maana pale niliitwa Mtoto wa Zamu. Jumatatu nilishinda chini ya cherehani, katikati ya vipande vya vitambaa. Jumanne nilikuwa dukani kwa Fundi Baiskeli, grisi mpaka masikioni. Jumatano nilikuwa kwa bibi mmoja mjane aliyenifundisha kusoma kwa kitabu cha nyimbo, nikajua kuandika "wokovu" kabla sijajua kuandika "kiatu". Imani ya Mama ilianzia hapo. Aliniambia hakuipata kwenye mahubiri, maana Fundi Baiskeli alihubiri vibaya na kwa kirefu. Aliipata jioni moja alipokuja kunichukua, akanikuta nimevishwa soksi mpya, na kila aliyemuuliza nani amezinunua akasema hajui. Alibatizwa tarehe 2 Aprili 1972.

Alifanya kazi ya udobi hospitalini kwa miaka thelathini na sita, tangu 1971 hadi alipostaafu Desemba 2007 akiwa msimamizi wa chumba cha kufulia. Alizijua shuka za kila wodi kwa kuzishika tu. Alijua doa la damu linaloweka mtu roho juu na lile la kawaida, na siku za doa la kwanza alirudi nyumbani kimya. Kukunja shuka kunataka watu wawili, na nyumbani mtu wa pili nilikuwa mimi. Tulishika pembe, tukavuta, tukalegeza. Nikijisahau, alivuta ghafla nikamwangukia, akacheka mpaka akakaa chini. Hata gazeti hakulitupa kabla ya kulikunja pembe kwa pembe.

Tarehe 26 Julai 1980 aliolewa na dereva wa gari la hospitali. Dereva alimwambia, "Mimi nimebeba shuka zako miaka sita. Nimechoka kubeba shuka peke yake." Mama alimtuma ghorofani akajieleze. Wazee hawakumuuliza mshahara wala ukoo. Walimuuliza, "Mtoto umemuuliza?" Basi akaja kwangu, nikiwa na miaka tisa, akavua kofia, akasema, "Mzee mwenzangu, nina ombi." Nilimuuliza kama nitakuwa na nyumba moja. Akasema, "Moja tu, na kitanda chako." Alinipa jina lake na hakuwahi kulitaja kama zawadi. Walijaliwa watoto wengine wawili, mdogo wangu muuguzi na kitinda mimba wetu fundi umeme. Baba alitutoka tarehe 19 Juni 2011.

Tulihamia upande wa pili wa mji, mimi nikaenda shule ya bweni, na huko nikajitengenezea hadithi nyingine. Niliwaambia watu kwamba mama yangu alinilea peke yake, kwa jasho lake. Ilikuwa hadithi nzuri, na wakwe zangu waliipenda. Mama aliendelea kwenda ghorofani kila Jumapili, mabasi mawili kwenda na mawili kurudi, na mimi nilikuwa nikisema kwamba Mama ana kanisa lake la zamani, basi, naishia hapo. Nilipooa mwaka 1999 sikumwalika hata mmoja wao. Mama Vifungo alikuwa amemshonea Mama gauni la siku ile. Mama alilivaa, akakaa nalo meza ya mbele, na aliyelishona alibaki kwake. Mama hakuniuliza kitu, nami nilijifanya kwamba kutouliza kwake ni kutojali.

Mwaka 2021 madaktari walisema moyo wake umetanuka na umechoka. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi, na kufika Agosti 2024 ngazi zile kumi na tisa zilimshinda. Tulimhamishia kwangu. Jumamosi moja ya Septemba walikuja kumwona, watu saba, na Mama Vifungo mbele akiwa na mkongojo. Nilikuwa na wajumbe wa bodi ya shule sebuleni. Nilitoka mpaka getini, nikawaambia Mama amelala. Mama alikuwa macho, chumba cha nyuma, anasikiliza redio. Waliniachia mfuko wa machungwa, na Mama alipoyasifu utamu nilimwacha aamini kwamba nimeyanunua mimi.

Mwanzoni mwa Oktoba Mama aliniita na kalamu. Alisema kwa kuwa yeye hawezi kupanda, shukrani zake zipande. Alinisomea imla kama mwalimu, nukta na mkato, nami mwalimu mkuu nikaiandika barua. Akaniagiza niende Jumapili nikaisome mbele ya watu wote, kwa kuwa shukrani ya watu wote haisemwi pembeni. Jumapili tarehe 13 Oktoba niliendesha gari mpaka mbele ya duka la baiskeli, ambalo siku hizi linauza simu. Nilisikia wakiimba. Nilikaa ndani ya gari na barua mfukoni kwa muda wa saa nzima, kisha nikarudi nyumbani.

"Umesoma?" Mama aliuliza.

"Nimesoma, Mama."

"Wakasemaje?"

"Walifurahi mno. Walipiga makofi."

"Makofi tu? Hawakukuuliza kitu?"

"Hapana, Mama. Makofi marefu."

Akanitazama, akasema, "Haya. Nenda ukale mwanangu. Utakuwa umechoka na ngazi."

Nilikuwa mezani, kijiko mkononi, ndipo nilipokumbuka. Utaratibu ule nimeukuta kabla sijaota meno, ndio ulionipatia maziwa na soksi, na siku ile ulinitoka kichwani kabisa. Mama alijua kwamba nimemdanganya. Aliishi siku thelathini na mbili zaidi. Katika siku hizo sikurudi chumbani mwake kumwambia ukweli, na yeye hakuniaibisha hata kwa kuugusia. Hapa wapo wanafunzi wangu na sare zao. Nimewahi kuwasimamisha mstarini kwa uongo mdogo kuliko huu, na wana haki ya kuusikia wa kwangu.

Mama alifariki Alhamisi tarehe 14 Novemba 2024, saa kumi alasiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa mdogo wangu. Alikuwa na umri wa miaka sabini na miwili. Mimi nilikuwa kazini.

Ameacha watoto watatu, wakwe watatu, wajukuu saba, na dada yake mkubwa anayemwita Kibiriti mpaka leo. Ameacha pia watu wa ghorofani. Wasifu wa kwanza haukuwataja, na ukweli ni kwamba wao ni ndugu wa marehemu kuliko wengi tulioandikwa kwenye ukurasa wa mbele. Fundi Baiskeli na yule bibi wa Jumatano walikwisha kutangulia. Waliobaki nimewaomba wapangaji wa viti wawaketishe mbele. Tunamwomba Mungu, ambaye Mama alimjua kupitia kwao, amlaze pahali pasipo ngazi, na ampe pumzi ndefu.

Barua ya Mama naisoma sasa, siku thelathini na sita baada ya Jumapili niliyoagizwa kuisoma. Nataka mjue kwamba sikuzuiwa na gari wala na kazi. Nilizuiwa na maneno yake ya mwisho, ambayo niliyaandika kwa mkono wangu mwenyewe, yeye akitazama pembeni.

"Ndugu zangu wa ghorofani. Zilizonishinda ni ngazi, si ninyi. Nawashukuru kwa chai ya siku ile. Haikuwa na sukari ya kutosha lakini sikuwa katika hali ya kuchagua. Nawashukuru kwa Jumatatu, kwa Jumanne, kwa Jumatano, kwa Alhamisi na kwa Ijumaa. Nilipokuja kwenu sikuwa na hakika kama Mungu ananijua. Nikaona mnavyomshika mwanangu, nikakata shauri kwamba ananijua. Mengine yote niliyojifunza nimeyajenga juu ya hilo. Waliotangulia nitawashukuru mwenyewe nikifika.

"Huyu anayewasomea ni mwanangu, mnamjua. Amekuwa mtu mkubwa, na anatuonea haya. Mimi sikumkemea, kwa sababu niliogopa kumkosa, na hilo ni kosa langu, si lake peke yake. Akimaliza kusoma hatajua aende wapi. Msimuulize alikuwa wapi siku zote. Sogeeni kidogo, mmpe pa kukaa."