Vidonge Nilivyompa Debora

Bwana asifiwe, ndugu zangu wa Munisagara! Na asifiwe pia na sisi wazee tunaosimama kwa kushika benchi.

Nimekuja kusema kosa langu na rehema ya Mungu. Vijana, hamkuikuta Munisagara ya Ujamaa. Asubuhi tulikwenda shamba la pamoja tukiimba, Wakristo kwa Waislamu, majembe begani, na treni ikipita abiria wanatupungia mikono. Nikizikumbuka sauti zile, moyo unaninyong'onyea. Wengi wao wamelala sasa.

Mimi nilikuwa nimefika kidato cha pili, basi wakanifanya katibu wa kijiji. Na kwa kuwa niliweza kusoma maandishi ya kwenye makopo, wakanikabidhi sanduku la huduma ya kwanza. Ndani mlikuwa na bendeji, dawa ya vidonda na kopo kubwa la aspirini. Ndugu zangu, nililipenda kopo lile! Mgongo, aspirini. Jino, aspirini. Watu waliponiita daktari, niliitika.

Msimu wa palizi ya pamba, mke wangu Debora alijikata mguu kwa jembe. Kesho yake mguu ukavimba, akapata na homa, na mtoki kinenani.

"Baba Yohana, nipande treni niende hospitali Kilosa," akaniambia.

Nikaona aibu. Juzi yake tu nilikuwa nimesimama mkutanoni kuwasema wanawake wanaokwepa palizi kwa visingizio. Leo mke wa katibu akose? Nikampa vidonge, na kila siku nikampa vingine. Joto likashuka, uvimbe ukapungua, akaenda shambani.

Wenzake wakamtania: "Mke wa daktari haumwi!"

"Haumwi," akajibu Debora, "anazibwa mdomo tu."

Wakacheka. Na mimi nilicheka, Mungu anisamehe.

Siku ya nne, mchana, akaanguka katikati ya pamba. Anatetemeka, ananitazama, hanitambui! Tukambeba kwa kitanda cha kamba hadi stesheni.

Kule Kilosa, mganga, mtu mzima mwenye miwani, alikifungua kidonda akaniuliza nilimpa nini. Nikajibu, bado nikijivuna kidogo: "Aspirini. Na uvimbe ulipungua."

"Bwana Katibu, nani alikwambia uvimbe ndio ugonjwa? Ile ni damu inaleta chembe zake nyeupe kidondani zipigane na vijidudu. Vidonge hivi vinapunguza ule mwito wa kuziita. Vijidudu vyenyewe havivigusi. Mkeo hakuwa anapona. Alikuwa haumwi tu."

"Atapona?"

"Tunamchoma penisilini. Wewe omba."

Nikakaa kwenye benchi la nje, nikaomba kama sijawahi kuomba. Nikasema, Bwana, nimelinda jina langu kwa mwili wa Debora. Nichukue mimi.

Siku ya tatu akafumbua macho, akataka uji. Halafu akaniuliza palizi imefika wapi! Haleluya!

Tuliporudi nilisimama kwenye mkutano uleule nikasema yote. Mama mmoja akaniambia, "Kaa chini, Katibu, tumesikia." Nikakaa, na nikajisikia mwepesi.

Debora alichechemea maisha yake yote. Tukienda kanisani alitangulia, na mimi nyuma nikiona kosa langu linatembea. Hakunikumbusha hata mara moja, mpaka tulipomzika.

Aspirini si dawa mbaya, ndugu zangu. Mbaya ilikuwa hofu yangu ya kuonekana. Kama yupo hapa mwenye kidonda anachokifunika, cha mguuni au cha moyoni, asingoje aanguke. Aende hospitali, na aje kwa Yesu. Kwake hakuna haja ya kujifanya mzima. Mwaminini! Alinirudishia mke nisiyestahili kurudishiwa, nikazeeka naye. Namshukuru.